Msiseme ni uchovu kabla hamjaangalia ukucha

Haya niliyaongea Busia, upande wetu wa Uganda, mbele ya VHT (wale wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba vijijini), wakunga na wauguzi wa vijijini. Wengi waliniomba niyaandike, ndo nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu heshima yenu, mama zangu, sista zangu, vijana wa VHT mliotembea na jua hili mpaka hapa, asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote naomba kila mtu aangalie mkono wake wa kushoto, kidole cha pete. Angalia pale chini ukucha unapotokea kwenye ngozi, ule ukingo mwembamba. Hapo chini ya ngozi pana mishipa ya damu myembamba kuliko unywele, na leo nimekuja kuongea kuhusu hiyo mishipa tu, sio kitu kingine, maana hiyo mishipa ndo ilimfungulia mama mdogo wangu njia ya kupona, na kama mimi ningejua kuiangalia mapema asingezunguka karibu mwaka mzima akitafuta jina la ugonjwa wake.

Mama mdogo anauza mukene, wale dagaa wa ziwani. Mnawajua hao wamama, asubuhi na mapema gunia linashushwa, anagawa kwenye beseni, beseni kichwani, mpaka sokoni, na ukimwambia apande boda anakuuliza hiyo hela ya boda si ni faida yangu. Sasa siku moja ananiambia, "Mwanangu, beseni limekataa kupanda." Nikadhani anaongelea mgongo, nikamwambia apunguze mzigo. Baada ya wiki kadhaa akasema akienda kwa msusi hawezi kukaa ameinua mikono kujishikia nywele, mikono inaanguka yenyewe. Halafu boda, mguu haufiki juu ya kiti, inabidi dereva alaze pikipiki kidogo. Halafu kitu ambacho alikuwa anaona aibu kuniambia mpaka dada yangu ndo akaniambia, kwamba chooni akishachuchumaa hawezi kuinuka, anashika ukuta, siku moja alikaa humo mpaka mtoto akapita akamsikia anaita.

Hakuwa na maumivu makali. Hilo lilitupoteza sana. Sisi tumezoea kwamba ugonjwa ni kitu kinachouma, mtu asiyelia kwa maumivu tunamwona anajidekeza. Na majirani walishaanza kusema, siku hizi mama huyu amekuwa mvivu, amezeeka, ana mawazo, wengine wakasema amerogwa na mwenzake wa sokoni, na mimi niwaambie ukweli hayo maneno ya sokoni yalimuumiza kuliko misuli.

Kope zake za juu zilivimba na kugeuka rangi, weusi fulani wenye zambarau kama ganda la biringanya. Watu wakasema huyo anajipaka mkorogo. Hajawahi kujipaka mkorogo maisha yake. Na juu ya vifundo vya vidole kukatokea mabaka magumu yaliyoinuka, tukasema ni sabuni ya kufulia.

Tulipita sehemu nyingi, sitataja hata moja. Akapimwa malaria akatibiwa malaria, akapimwa taifodi akatibiwa taifodi, akapimwa HIV ikawa hana, sehemu moja wakamwambia ni umri, sehemu nyingine wakapima damu ya ini wakakuta vipimo vimepanda wakamwambia mama ini lako limeharibika acha pombe, mama ambaye hajui hata ladha ya waragi. Na mimi mwenyewe, muuguzi, mtoto wake, nilimpa panado na vitamini nikamwambia apumzike. Nalisema hili wazi mbele yenu kwa sababu humu ndani kuna mtu atafanya vile vile wiki hii na mimi nataka asifanye.

Sasa sikilizeni ilivyotokea. Nilimpeleka kliniki ya ngozi kwa ajili ya zile kope, sio kwa ajili ya udhaifu, udhaifu nilishaukubali. Daktari alikuwa binti mdogo tu, nadhani alikuwa bado kwenye mafunzo. Akaangalia kope kidogo halafu akashika mkono wa mama mdogo, akaufuta, akamuuliza, "Mama, mara ya mwisho kukata ngozi ya kucha ni lini?" Mama akasema hakati. Akadondosha tone la mafuta kwenye shina la ukucha, akachukua kilenzi kidogo chenye taa, dermatoskopu, kile wanachoangalizia vipele na madoa ya ngozi, akakibandika kwenye kamera ya simu, akaangalia kidole kimoja, cha pili, cha tatu, kimya. Halafu akamuuliza bila hata kuinua kichwa, "Mama, ukikaa kwenye stuli unaweza kuinuka bila kushika kitu?"

Mama mdogo akaanza kulia. Manake kwa miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza hilo swali.

Yule binti akaniita, "Sista njoo uone." Nikaangalia kwenye simu. Mtu mzima wa afya njema pale kwenye ukingo wa ukucha ana mishipa iliyojipanga kama vibanio vya nywele, kibanio kimoja kimoja, damu inapanda mguu mmoja inakunja kona inashuka mguu wa pili, vimesimama mstari mmoja safi, kwenye milimita moja unahesabu saba au zaidi. Wa mama mdogo haukuwa mstari. Kulikuwa na vibanio vichache vilivyovimba kama mrija uliojazwa kupita kiasi, katikati yake sehemu tupu kabisa zisizo na kitu kama bustani mbuzi walipopita, kulikuwa na vidoa vyeusi vyeusi ambavyo ni damu iliyovuja ikakauka, na sehemu nyingine mishipa imechanuka matawi matawi kama kichaka. Mimi nimekuwa muuguzi miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba kitu kama hicho kinaonekana kwa mtu aliyekaa mbele yako amevaa nguo zake, bila sindano, bila kumkata.

Sasa niwaeleze maana yake, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mwaka 1628 daktari wa Uingereza anaitwa William Harvey aliandika kwamba damu inazunguka, inatoka kwenye moyo na inarudi kwenye moyo. Lakini hakuweza kuona inavukaje kutoka mishipa inayopeleka kwenda mishipa inayorudisha, hakuwa na kifaa cha kumwonyesha. Ikabidi dunia isubiri mpaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia alipoangalia mapafu ya chura kwa hadubini akaona vimishipa vidogo vinavyounganisha pande mbili. Hivyo ndo tunaviita kapilari.

Nyinyi watu wa Busia sihitaji kuwaelezea kapilari kwa kitabu. Lami inakuja mpaka mpakani, malori yanapita usiku na mchana, lakini mchele haufiki kwenye sufuria yako kwa lori, unafika kwa vile vinjia vya katikati ya nyumba, kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa mkokoteni. Sasa fikiria lami iko sawa, malori yanapita, lakini vinjia vyote mtaani vimezibwa. Ukisimama barabarani utasema biashara inaenda vizuri, na ndani ya nyumba watu wana njaa. Ndo maana mama mdogo presha ilikuwa sawa, moyo ukisikiliza uko sawa, mapigo ya mkononi yako sawa, kila kitu tulichozoea kupima kiko sawa, na msuli unakufa njaa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa dematomiositisi. Dema ni ngozi, mio ni msuli, hayo mengine ni kuwaka moto, yaani ngozi na misuli vinawaka kwa sababu kinga ya mwili imegeuka inapiga nyumbani kwake. Ni ugonjwa wa nadra, kati ya watu milioni moja wanaoupata kwa mwaka mmoja ni wachache sana, kumi au chini ya hapo. Lakini nadra sio maana yake haupo. Mjerumani Heinrich Unverricht aliuelezea 1887 na mwaka 1891 akaupa hilo jina, kwa hiyo sio kitu cha juzi, ni sisi tu ndo tunakutana nao tukiwa hatuutegemei.

Kinachotokea ni kwamba kuna protini za kinga kwenye damu zinaitwa komplementi, kazi yake ni kutoboa vijidudu vinavyoingia mwilini, sasa kwenye ugonjwa huu zinajikusanya kwenye ukuta wa kapilari zetu wenyewe na kuutoboa. Watafiti wameonyesha pia kwamba ishara za interferoni, zile ambazo mwili unaziwasha kupigana na virusi, zinabaki zimewaka bila kuzimwa. Kapilari zinakufa moja moja. Msuli umefungwa mafungu mafungu kama kuni, na zile nyuzi za pembeni mwa fungu ndo zinanyauka zaidi, daktari wa maabara akikata kipande kidogo akakiweka chini ya hadubini anaona za pembeni zimesinyaa kuliko za katikati. Mwili ukiona hewa haifiki unajaribu kujitetea, kapilari zilizobaki zinapanuka zibebe kazi ya wenzao, na mpya zinachipua ovyo bila mpangilio. Ndo ile mirija iliyovimba, ndo kile kichaka tulichokiona kwenye simu. Kwenye msuli hatuwezi kuona bila kukata, lakini ukuchani tunaona, mwili ni ule ule na vita ni ile ile.

Mtu mmoja aliniuliza kwani kwa nini ukucha, kwa nini sio mkono mzima. Swali zuri sana. Sehemu nyingine za ngozi kapilari zimesimama wima kama matete ziwani, wewe uko juu yake kwa hiyo unaona ncha tu, kidoa, hujui urefu wake wala unene wake. Kwenye ukingo wa ukucha zimelala ubavu. Unaiona nzima toka mwanzo mpaka kona mpaka mwisho. Hakuna sehemu nyingi mwilini zenye dirisha kama hilo.

Waliolifungua dirisha hili vizuri kwa magonjwa ya namna hii ni Hildegard Maricq na mwenzake Carwile LeRoy huko Marekani, mwaka 1973 walitoa maelezo ya jinsi mishipa ya vidole inavyobadilika kwa wagonjwa wa skleroderma, ule wa ngozi kukakamaa, na magonjwa mengine ya jamii hiyo, na dematomiositisi ikaonekana inaandika mwandiko unaofanana. Mwaka 2000 Maurizio Cutolo na wenzake wa Italia wakaupanga mwandiko wa skleroderma katika hatua tatu, ya mwanzo, ya moto mkali na ya mwisho. Na 2013 vyama vikubwa vya madaktari wa viungo vya Ulaya na Marekani walipoandika upya vigezo vya kuitambua skleroderma wakaiweka mishipa ya ukuchani ndani yake na kuipa pointi. Kwa dematomiositisi vigezo vya 2017 havikuiweka, na mimi naona hapo kuna pengo, ila ndo hali ilivyo, kwa hiyo ukiona ukucha mbaya unakuwa umepata sababu ya kutafuta, bado hujapata jibu la mwisho.

Vipimo vyenyewe. Mguu mmoja wa kapilari ya kawaida unene wake uko chini ya mikromita 20, yaani sehemu mbili za mia za milimita. Ukivuka 50 hiyo wanaiita jitu. Kwenye milimita moja ukihesabu chini ya 7 kwa mtu mzima hiyo ni pungufu. Mashine kamili, yenye kamera inayokuza mara 200, inapima yote haya, na mashine hiyo sisi huku hatuna, sitawadanganya. Lakini dermatoskopu ya kukuza mara 10 inatosha kuona jitu, inatosha kuona sehemu tupu, inatosha kuona damu iliyovuja. Madaktari wametumia hata ofthalmoskopu, ile tochi ya kuangalia ndani ya jicho, unaizungusha mpaka lenzi yenye nguvu kabisa, ile iliyoandikwa 40 na alama ya kujumlisha, unaweka tone la mafuta unasogea karibu sana na kidole. Nimejaribu, inawezekana, inataka subira. Hiyo tochi iko kwenye droo kwenye vituo vingi na imejaa vumbi.

Ngozi zetu. Lazima niliseme maana mtu atajaribu kesho, hataona kitu, atasema yule sista alitudanganya. Ngozi nyeusi inaficha kapilari, rangi yetu inafunika, vitabu vingi vimeandikwa kwa picha za ngozi nyeupe. Anzia kidole cha pete na kidole kidogo, ngozi yao inaonyesha zaidi kilicho ndani. Dole gumba achana nalo. Mafuta ni lazima, sio hiari, bila mafuta mwanga unarudi wote kwenye jicho lako. Mgonjwa akae ndani dakika 15 mpaka 20 kwanza apumue, asitoke juani au kwenye maji baridi ukamshika mkono hapo hapo, mishipa inajibana na baridi. Kama amepakwa rangi ya kucha itolewe. Na wale vijana wanaopita na vikapu vya rangi za kucha wanakata ile ngozi ya pembeni, kama alikatwa juzi basi ile damu utakayoiona ni ya mkasi, mwambie arudi baada ya mwezi hivi bila kukatwa. Vile vile anayelima kwa jembe kila siku, anayefua nguo za watu, anayetafuna kucha, utaona vidonda vidogo vya damu kwenye kidole kimoja kimoja, usikimbilie kusema. Ndo maana tunaangalia vidole vingi, nane ukiweza, sio kimoja.

Rangi pia. Vitabu vinasema wekundu wa kope, wekundu wa kifua. Kwetu usitafute wekundu. Tafuta weusi uliozidi, tafuta zambarau, tafuta uvimbe wa kope za juu, tafuta mabaka juu ya vifundo vya vidole na sio katikati ya vifundo, tafuta ngozi inayowasha kichwani, na muulize kama jua linaizidisha.

Na maswali, haya andikeni kama mna kalamu. Mama unaweza kuinuka kwenye stuli bila kushika? Unaweza kuinuka chooni? Unaweza kutwika jerikeni mwenyewe? Unaweza kujichana? Chai inapita vizuri au inakupalia na kurudi puani? Unapumua vizuri ukipanda mlima? Maswali mawili ya mwisho usiyaruke kabisa kwa sababu ugonjwa huu unaweza kugusa misuli ya kumeza na unaweza kugusa mapafu, na kuna aina moja ambayo misuli inabaki na nguvu kabisa lakini mapafu yanaharibika kwa haraka, wiki tu, huyo hata kama anatembea vizuri hatakiwi kusubiri.

Watoto nao. Mtoto aliyekuwa anapanda mwembe sasa anaomba kubebwa, akikaa chini anajipanda mwenyewe kwa mikono mapajani ili asimame, na mwalimu anasema ni mvivu wa mchezo. Kwa watoto, idadi ya kapilari ukuchani inafuatana na ugonjwa vizuri sana, ukiwaka zinapungua, ukitulia zinarudi, kwa hiyo ukucha unasaidia hata kujua dawa inafanya kazi au haifanyi. Wakichelewa wengine wanapata mawe ya kalisi chini ya ngozi, yanauma, yanatoboka.

Lakini sio kila udhaifu ni huu. Huku kwetu kuna usaha wa ndani ya misuli, wengine humu mmeuona, huo unauma, ni wa moto, una homa, na mara nyingi uko sehemu moja, huo unataka upasuaji na antibiotiki sio dawa za kupoza kinga. Kuna udhaifu wa tezi la shingo, kuna wa dawa kama zidovudini, ile ya HIV, kwa waliotumia muda mrefu. Na ukucha ukiwa mzuri haumtoi mgonjwa kwenye orodha, kuna magonjwa ya misuli ya kinga ambayo hayagusi ukucha kabisa.

Rudi kwa mama mdogo. Yule binti daktari aliandika kipimo cha CK, ni kimeng'enya kinachotoka kwenye msuli ukiumia, kikatoka juu mara nyingi kuliko kawaida. Na hapo ndo tukaelewa lile jambo la ini. AST na ALT tunavipima tukifikiri ini, kumbe viko ndani ya msuli pia, msuli ukivunjika vinapanda. Ini la mama mdogo lilikuwa zima siku zote. Nawaomba sana, mgonjwa mdhaifu mwenye vipimo vya ini vilivyopanda, omba CK kabla hujamwambia habari za pombe. Akakatwa kipande kidogo cha msuli wa paja, kikaonyesha zile nyuzi za pembeni.

Kisha wakatafuta saratani. Hapo familia iliogopa, mjomba akasema basi wamemkuta na kansa wanatuficha. Hapana. Kwa watu wazima ugonjwa huu wakati mwingine unatembea pamoja na saratani iliyojificha, hasa miaka mitatu ya mwanzo, kwa hiyo ni lazima kuangalia matiti, mlango wa uzazi, mayai ya uzazi, mapafu, tumbo. Kwa mama mdogo hawakukuta. Kwa mwingine watakuta mapema, na mapema ndo kuna dawa. Nchi yetu ina taasisi ya saratani pale hospitali ya Mulago, Kampala, tangu 1967, watu wasiogope kuelekezwa huko.

Dawa alizopewa ni prednisoloni na methotrekseti. Kabla ya kuanza walipima TB, HIV na hepataitisi B, hilo ni muhimu sana kwetu kwa sababu dawa hizi zinalaza kinga na kinachojificha kinaamka. Na methotrekseti, sikilizeni wauguzi, ni mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku inaweza kumuua. Andika siku yenyewe kwenye bahasha, Jumatatu au siku yoyote, mwambie yeye, mwambie na mtu wa nyumbani kwake, na folik asidi apewe. Mama anayetaka mtoto asipewe kabisa. Prednisoloni haikatwi ghafla hata kama amenenepa uso na majirani wanasema. Kuna dawa ya kinga ya kuwekwa kwenye mshipa, imunoglobulini, Marekani waliikubali kwa ugonjwa huu 2021, lakini bei yake huku ni ya kuuza shamba, mimi sitamwahidi mtu. Jua aliepuke, mikono mirefu, kofia, mwavuli. Na mazoezi afanye, zamani waliogopa yatavunja msuli, sasa inajulikana yanasaidia, taratibu, na mtu wa fizio, yule anayetibu kwa mazoezi.

Miezi mitatu baadaye alitwika beseni nusu. Sio lote, nusu. Tulimwangalia tena ukucha baada ya muda, zile sehemu tupu zimeanza kuwa na vimishipa vipya, vingine vimepinda, lakini vipo. Bado anameza dawa, bado anakohoa kidogo na tunamfuatilia mapafu.

Nimalizie na hili la Mulago. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji pale, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote, halafu akaona mwingine, akaanza kuuliza kila hospitali, akaendesha gari Afrika nzima ya mashariki mpaka kusini akiuliza mmeona watoto kama hawa. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na macho, picha na barua. Saratani ile sasa ina jina lake dunia nzima na ilianzia kwa mtoto wa Uganda aliyeangaliwa vizuri na mtu aliyekataa kumsahau. Mimi nikiwaona nyinyi VHT, mnaingia nyumba ambazo daktari hatafika mwaka huu, nyinyi ndo mtamwona mama asiyeweza kuinuka kwenye mkeka kabla yetu sisi wote. Sikuombeni mjue jina la ugonjwa. Naomba mshike mkono wake, muangalie kope, muangalie vifundo, mumuulize habari ya stuli, na mkiona mtuletee, mje naye wenyewe mkiweza, maana akija peke yake ataambiwa apumzike.

Sasa tuache maneno. Nimekuja na lenzi moja na simu, mafuta haya hapa ni ya kawaida ya kujipaka mtoto. Mama wa gomesi ya kijani hapo mbele, umekaa zaidi ya dakika ishirini umepumzika vizuri, naomba mkono wa kushoto. Kidole cha pete. Haiumi kabisa. Wengine sogeeni huku muone kwenye simu, tuhesabu pamoja.